Mpaka Uliopimwa kwa Ulimi

Kanze wa Gona alikuwa na mdomo, na mwaka wa 1947 mdomo huo nusura umponze.

Shamba lake la mpunga lilikuwa nyuma ya Changamwe, pale mto unaposhuka kutoka vilima vya Waduruma kuingia ghuba ya Port Reitz. Mto wenyewe hauna msimamo. Maji yakipwa huteremkia baharini, yakijaa hurudi ulikotoka. Mababu walisimulia kuwa zamani mashua zilipanda humo na maji kujaa, zikifuata mahindi na pembe, kisha zikashuka na maji kupwa, wala mtu hakujisumbua kupiga kasia. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari huyasukuma nyuma maji matamu ya mto, nayo hupanda polepole na kulifunika shamba. Mpunga hunywa, maji yakenda zake. Ndivyo alivyolima mamake, na ndivyo Kanze, mjane tangu kabla ya vita, alivyolisha watoto watano wakakua wamenona.

Basi wakaja wapimaji na mkubwa wao, mzungu, wakaitisha baraza. Ardhi yote inayofunikwa na maji ya bahari, walisema, ni ya serikali. Mpaka utawekwa pale bamvua itakapoishia. Majirani walitazama chini. Kanze akasimama mbele ya baraza zima.

"Maji yanayofunika shamba langu si ya bahari. Ni matamu, masika na kiangazi. Njooni siku ya bamvua, mwonje wenyewe!"

Mzungu alipofasiriwa alicheka, akakubali mpaka uwekwe pale chumvi itakapoanza. Kanze alirudi nyumbani akitembea kwa maringo, lakini alipofika mlangoni aliinua macho kutafuta wingu, asilione. Masika yalikuwa yamechelewa mwezi mzima. Mto ukikosa mvua hulegea, na bahari ikapanda yenyewe na chumvi yake. Mwaka mmoja wa njaa, angali kigoli, aliuona mpunga wa mamake ukiungua wote kwa chumvi hiyo. Alilijua hilo, na bado akasema "kiangazi". Ulimi hauna mfupa, na wake ulizidi.

Siku ya bamvua, saa kumi alasiri, mzungu alifika na Kefa, karani wake, mtu wa bara mwenye mvi. Maji yalishafika magotini shambani. Kanze aliomba kimoyomoyo kila sala aliyofundishwa misheni, na moja mbili ambazo huko hawazifundishi.

Kefa akainama, akachota kwa kiganja, akapiga funda. Uso ukamkunjamana. Akatema.

Kanze akaanza sala zake upya.

"Tope tupu," Kefa alisema, akijipangusa midomo. "Lakini chumvi hamna, bwana."

Kumbe kule vilimani ilikuwa imenyesha siku tatu, na huku chini hakuna aliyejua. Mzungu hakusadiki. Akaonja yeye, akaonja tena. Kisha wakaanza kuteremka wakifuata ukingo, kila hatua kumi wanainama na kuonja, na kijiji kizima nyuma yao kinahesabu kwa sauti. Walipofika kwenye mkoko wa kwanza, mzungu alikunja midomo kama aliyeng'ata ndimu. Hapo ndipo kigingi kilipopigwa. Shamba la Kanze na yale ya majirani saba yakabaki upande wa juu, salama, na wale walionyamaza barazani ndio waliopiga vigelegele kuliko wote.

Kefa alirudi kumuaga.

"Mama, wewe ulikuwa na hakika kweli."

"Hakika ya wapi, baba?" Kanze alisema. "Tangu siku ya baraza sijathubutu kuyaonja."

Akachuchumaa papo hapo, leso na yote ndani ya maji, akachota kwa viganja viwili. Akanywa na tope lake, akachota tena, machozi yakimtiririka, wala hakujali nani anamtazama.