Kinande Nilichofundishwa na Telefone

Mimi ni dereva, Mwislamu wa mtaa wa Murara, na wazee wetu walitoka Maniema. Mchumba wangu Kavira ni Mkatoliki wa Butembo. Mama yake alikuwa na mashaka juu yangu, kwa hiyo siku ya kwenda kujitambulisha kwao nilitaka kumgusa moyo kwa lugha yake, Kinande.

Sikumuuliza Kavira, maana nilitaka naye ashangae. Niliuliza ile akili bandia ya kwenye telefone: nifundishe kumsalimia mama mkwe kwa Kinande na kumwahidi kwamba nitamtunza binti yake. Ikanijibu palepale, hata ikanisifu kwa wazo zuri. Wiki nzima nilikariri maneno yale nikiendesha gari, abiria wakidhani ninasali.

Jumapili nilisimama mbele ya Kavira, mama yake na wajomba zake, nikasema yote bila kukwama. Wajomba wakatazamana. Mama akaweka kikombe chini, akanishika mkono kwa upole.

"Aksanti, mutoto wangu," akasema. "Utusamehe tu. Hapa hakuna mutu anayesikia luga ya kwenu Maniema. Unaweza kutuambia ile maneno kwa Kiswahili?"

Kavira akanigeukia, macho yakimng'aa kwa furaha. "Haukuniambiaka kama unajua luga ya kwenu! Ulikuwa unasema nini?"

Nilitamani sakafu inimeze.

"Mama," nikasema kwa sauti ndogo, "ilikuwa Kinande."