Koti ya Fiston Ndani ya Filme

Hata leo, nikisikia harufu ya esansi ya jenereta imechanganyika na ya shitingi ya plastiki yenye kupigwa na jua, ninageuka kutafuta ekran iko wapi. Ndiyo harufu ya sale ya video, nyumba ya kuangalilia filme, ya kwetu Ndosho: mbao kuzunguka, shitingi juu, chini mawe ya volkano yenye kuchoma matako. Niwaambie ukweli wenzangu, nilikuwa ninapapenda kuliko kanisa.

Nilikuwa binti wa miaka kumi. Jirani yangu Neema alikuwa mupole sana, hakujua kugombana, basi nilikuwa ninagombana kwa ajili yake. Mutu akimutukana, mimi ndiye nilikuwa ninaokota jiwe. Kaka yake Fiston alikuwa motari, alikuwa anabeba watu juu ya moto yake, ile pikipiki, mpaka muji wa Kiwanja. Sisi wawili alikuwa anatupandisha mbele, juu ya tanki ya moto. "Shikeni vizuri, nyinyi kuku! Mukianguka sirudi nyuma, mutanikuta Kiwanja!"

Siku moja watu wakamuua kwenye ile barabara ya Kiwanja, wakaenda na moto yake. Koti yake ya manjano ya kazi alikuwa ameiacha nyumbani, kwa sababu ililowa na mvua. Mama yake, mama Fiston, akaitundika kwa musumari, akakataa isifuliwe.

Kisha matanga kuisha, vijana wawili wenye kamera wakakuja. Kwetu, kwa kilio, mutu wa kamera anakujaka kuchukua picha za jeneza na za wenye kulia, familia inabakia na ukumbusho. Mama Fiston akafikiri ni vile vile. Walipomuambia wanatengeneza filme ya mutoto wake, akashukuru, akawapa koti.

"Muirudishe, batoto bangu. Ingali na harufu yake."

Haikurudi.

Filme ikaonyeshwa siku ya Mungu, kisha misa. Mama Fiston akashindwa kuja, akatutuma sisi: "Mukaniangalilie." Juu ya ekran kukatoka maneno mekundu ya Kifaransa. Mimi, mwenye kujifunza kusoma peke yangu juu ya makaratasi ya kufungia ndazi, nikasoma kwa sauti, nikageuza Kiswahili: "Hadithi ya kweli!"

Kijana akatokea juu ya moto, anacheka, koti ya Fiston imejaa upepo. Neema akanishika mukono, akakaza.

Mara papa mwenye sale, ule muzee mwenye kuelezea kila filme ndani ya maikro, akaanza: "Muangalie huyu motari! Ameuza roho kwa shetani apate moto! Kila mwenye atapanda, atamukula!" Watu wakapiga makelele ya furaha.

Nikahesabu kwa vidole. Motari: kweli. Koti: kweli. Barabara ya Kiwanja: kweli. Shetani? Ile moto Fiston aliipata baada ya kulima maharagi miaka mitatu kwa mujomba wake, kule Masisi. Na wenye kumuua, wako wapi? Ndani ya filme nzima mashetani walijaa, muuaji hata mumoja hakuwamo.

Damu ikanipanda. Nikasimama, nikang'oa waya ya ekran.

"Weye mutoto! Nani amekutuma?" papa akalia.

"Fiston hakukula mutu! Yeye ndiye waliua!"

Akanitoa inje kwa sikio, Neema nyuma yangu. Nilitegemea anishukuru. Alikuwa analia.

"Juu ya nini umezima?"

"Walikuwa wanamutukana!"

"Alikuwa angali anaendesha," akasema. "Walikuwa hawajamuua."

Nilimukasirikia, ninawaambia, karibu nimuokotee na yeye jiwe. Nyumbani mama Fiston alikuwa anatungojea kwenye mulango.

"Mumemuona mutoto wangu?"

Nikafungua kinywa nimuambie yote, shetani na bongo, uongo wote wa wale vijana. Neema akanitangulia.

"Ndiyo, mama. Alikuwa juu ya moto, anacheka."

Mama akashika kifua, akakaa chini polepole, akamuomba arudilie. Neema akarudilia. Na mimi nikakaa chini pembeni ya mama, nikasikiliza, kwangu ni ajabu.

Sasa niko mukubwa, na hizo filme za "hadithi ya kweli" zingali zinanichoma. Zinachukua koti, zinaacha mutu. Hiyo sitaacha kuisema. Lakini Neema alijua ule uongo kunipita, Fiston alikuwa kaka yake. Yeye aliendea zile dakika mbili za mwanzo tu, na mimi, kwa kumupenda na hasira yangu, sikumuuliza kama amemaliza kuangalia.