Waya wa Kioo Uliofungwa kwa Mpira

Ulikuwa mwaka wa kula michembe mpaka midomo ikakauka. Mvua za mwaka uliotangulia zilikuwa zimeozesha mtama wetu pale kijijini Didia. Asubuhi viazi vikavu, jioni viazi vikavu, na mwenye karanga za kutia ndani alijiona tajiri. Ndiyo maana nilikwenda upande wa Geita kufagia ofisi za mgodi. Sikwenda kusingiziwa.

Nilipewa chumba cha kompyuta. Zilikuwa tatu, na mambo yao hazikuyatunza tumboni. Zote ziliyaweka kwenye kabati moja la diski, kama nyumba tatu zenye ghala moja. Fundi kijana kutoka Dar alitandaza nyaya za rangi ya chungwa kutoka kompyuta hadi kisanduku cha katikati, na kutoka hapo hadi kabatini. Alinionya mwenyewe: "Mama, hizi usizikanyage wala kuzikunja. Ndani ni uzi wa kioo, mwanga ndio unaobeba habari."

Mimi nilisikia. Yeye hakuyasikia maneno yake mwenyewe. Siku bosi wake alipokuja kukagua, nyaya zilikuwa zimezagaa. Fundi akachukua kipande cha mpira wa baiskeli, ule tunaofungia kila kitu huku, mizigo, milango, mipini ya majembe, akazivuta na kuzikaza kwenye mguu wa meza.

"Ng'wanawane, mwanangu," nikamwambia, "kioo unakifunga kama kuni?"

Akacheka. "Fagia, mama. Haya ni mambo ya shule."

Kesho yake kompyuta moja haikuliona kabati. Vipimo vyote vya mawe ya dhahabu vimo humo, na kwenye kompyuta hiyo havifunguki. Bosi akawaka. Fundi akasema, "Ni mama wa usafi, kauvuta waya kwa fagio." Mbele ya macho yangu! Mtu aliyekuwa akila michembe yangu kila mchana!

Nikatupa fagio chini. "Bosi, fungua ule mpira."

Akaufungua mwenyewe. Waya mmoja ulikuwa umekunjika kama goti la mbuzi. Wakachomeka mwingine, taa ikawa ya kijani, kabati likaonekana.

Nikangoja wanipe pole. Badala yake bosi akaniletea karatasi. Taarifa ilikuwa imeshakwenda kwa wakubwa kwamba mfagiaji ndiye aliyeharibu, na yeye hataki kuonekana kigeugeu. Nikiri tu. Na kidau cha wino akaweka kando, niweke dole, mimi niliyemaliza kisomo cha watu wazima, ninayeandika jina langu, la baba na la babu!

"Weka, mama, yaishe. Usipoweka, kesho usije."

"Siweki dole, siweki jina."

Fundi alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilirudi Didia, kwenye michembe.

Wajukuu zangu wananiambia, "Bibi, si ungeweka tu, ubaki na kazi?" Wanasema hivyo midomo imejaa wali. Nawajibu nilivyomjibu yule bosi:

"Siweki dole, siweki jina."