Siku Niliyomsemea Mama kwa Daktari

Harufu ya spiriti mpaka leo siivumilii. Juzi nesi alimpaka mjukuu wangu begani kabla ya sindano, nikatoka nje nikamwacha na mama yake.

Mama yangu hakujua Kiswahili. Kwetu kijijini tuliongeaga lugha ya nyumbani tu. Mimi nilikuwa darasa la pili, lakini ndiyo nilikuwa mdomo wa nyumba, na nilijivuna kweli. Siku ya kwenda hospitali Musoma alinivalisha gauni la kanisani.

Daktari alimbonyeza tumbo muda mrefu, mimi nimempakata mdogo wangu anayenyonya. Kisha akaniangalia.

"Mkalimani ndiyo huyu? Mtu mzima hakuna?"

"Nipo mimi," nikamjibu.

Akavua miwani. "Haya. Mwambie mama uvimbe umeshafika kwenye ini. Hatuwezi kuupasua."

Nikamgeuzia mama neno kwa neno, kwa sauti kubwa, kama niko mbele ya mwalimu. Mama alikuwa anafunga kanga yake. Aliendelea kuifunga.

"Muulize kama nitafika siku ya kumwachisha mdogo wako ziwa."

Nikauliza. Daktari alimtazama yule mtoto mapajani mwangu, akageukia dirishani.

"Mama, hajajibu," nikasema. "Nimuulize tena?"

"Acha, mwanangu," mama akasema, akanyoosha mikono nimpe mtoto. "Hilo nimelisikia mwenyewe."