Mguu wa Kulia kwenye Mteremko wa Mbebe

Mimi niliishia darasa la nne, na sioni aibu kulisema. Wapo waliofika kidato cha nne ambao leo wanakuja kwenye duka langu la vipuri Tunduma kuniuliza tairi lipi linafaa barabara ipi. Lakini kabla ya duka nilikuwa mbeba ndizi, na sitajishusha hapa: kwenye mteremko wa Mbebe hakuwepo mtu aliyeshuka na baiskeli kama mimi. Muulize yeyote wa rika langu. Atakataa kwanza, halafu atakubali.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Siku ya gulio unafunga mikungu mitano kwenye keria kwa mipira ya tyubu kuukuu, unashuka nayo hadi lori la mnunuzi linaposubiri. Waliotangulia ndio wanaopakia. Likijaa, mliobaki mnarudi kupanda mlima na ndizi zenu, na mlima ule ukiupanda na mikungu mitano utajua maana ya kuchelewa. Kwa hiyo tulishindana. Breki za chuma tulizing'oa siku ya kwanza tu, maana raba zake ziliisha kabla ya kona ya tatu. Breki yetu ilikuwa mguu wa kushoto wenye katambuga, ile ndala nzito ya tairi la gari. Unautoa mguu kwenye pedali, unaukandamiza juu ya gurudumu la mbele, harufu ya mpira inakujaa puani, baiskeli inatii. Na ni wa kushoto kwa kila mtu, kwa sababu kushoto kuna ukuta wa mlima na kulia kuna korongo. Ukianguka, heri uangukie udongo.

Mara ya kwanza nilipoanguka, ukanda wa katambuga ulikatika. Mguu ukaingia kwenye spoku, goti likageuka likatazama kusikostahili. Nikafungwa plasta, nikakaa miezi. Nilipotolewa nilirudi mteremkoni wiki hiyohiyo, na mguu uleule, maana sikujua kama mtu anaweza kubadili. Kona ya pili goti likalegea kama uzi. Mikungu ilibiringika hadi kwenye mahindi ya watu.

Baiskeli ilikuwa yetu wawili, mimi na kaka yangu mkubwa. Alikuja kunitazama nimelala, hakukaa hata kwenye kigoda.

"Sikia," akasema. "Ukianguka tena, hata ukidondosha mkungu mmoja, baiskeli inauzwa. Na wewe utakuja kulima kwangu."

"Kwako?"

"Kwangu. Nitakupa jembe jepesi."

Kulima si aibu, wazazi wetu walitulea kwa jembe. Lakini kulima kwa kaka yako, ukiwa umezoea watu kukupisha barabarani! Hapana, bwana.

Daktari alitaka nipumzike na kufanya mazoezi ya goti, basi nikapelekwa Tunduma kwa dada yangu. Mumewe aliuza mchele kwa Wazambia, alikuwa na televisheni na king'amuzi, na alitazama mchezo wowote ule, hata asioujua. Kila akirudi alinisalimia Kibemba kwa dhihaka: "Mulishani, mukwai! Goti limeamkaje?"

Alasiri moja tukaona watu wanashuka mlima mweupe wakiwa na mbao mbili nyembamba miguuni. Shemeji akacheka mpaka chai ikamwagika. Mimi sikucheka. Nilikaa wima. Kile ninachokijua mimi, jinsi ya kwenda kasi bila kuachia, niliwaona wale wanakijua.

Mmoja alikuwa wa Kroatia. Walionyesha alivyoanguka zamani, goti limefungwa, magongo, halafu akarudi. Akaumia tena, akarudi tena. Sikuelewa maneno ya mtangazaji, lakini picha za goti hazihitaji mkalimani.

"Huyu naye mbishi," shemeji akasema. "Si angeuza mchele?"

"Shemeji, nyamaza nione mguu."

Nilimfuatilia Mkroatia yule wiki baada ya wiki. Siku moja alishika nafasi ya kumi na kitu, siku nyingine aliteleza nje ya njia akagonga theluji kwa ngumi, siku nyingine akawa wa tano akacheka kama aliyeshinda. Mimi nikawa natazama mapaja yake tu. Kona ya kulia analalia mguu mmoja, kona ya kushoto mwingine, na huwezi kusema upi ulipasuliwa. Hapo ndipo nikajiona mjinga. Mwenzangu ana miguu miwili ya kazi. Mimi miaka yote nina mmoja, na wa pili ni abiria.

Nikaanza uani kwa dada. Nashika fremu ya mlango, nachuchumaa kwa mguu wa kulia peke yake, nasimama, nachuchumaa. Watoto wa jirani wakahesabu kwa kelele. Dada akasema, "Umepona goti, sasa unaumwa kichwa." Nikaazima baiskeli, nikafunga ndoo mbili za mchanga, nikashuka vilima vidogo nikikandamiza gurudumu kwa mguu wa kulia, mpaka mguu ule ukaacha kuniuliza maswali.

Nikarudi Mbebe. Siku ya gulio wenzangu wakaona katambuga nene iko mguu wa kulia.

"Mzee, umevaa kinyume!"

"Nimevaa ninavyotaka."

"Ukilalia huko unaelekea korongoni. Tukupelekee salamu gani nyumbani?"

Kaka alikuwa ameshatangulia chini, anasubiri karibu na lori, amevaa viatu vyake vya kanisani.

Sitadanganya, kona ya kwanza niliogopa. Mwili wote unalalia upande ambao hakuna kitu, unaona vilele vya miti chini yako. Goti la kushoto nililiacha lipumzike kwenye pedali kama mheshimiwa. Nikakandamiza. Baiskeli ikatii. Kona ya pili, ile iliyoniangusha, nikawapita watatu, na mmoja wao akaniita kwa jina la mama yangu kwa mshangao. Nilifika wa pili. Wa kwanza alikuwa kijana aliyebeba mikungu mitatu tu, kwa hiyo mwenye akili atajua nani alikuwa wa kwanza.

Kaka akazunguka keria, akashika mkungu mmoja mmoja, akauvuta kuona kama umelegea. Yote mitano ilikuwa imara. Akanisaidia kuipakia. Lori lilipofungwa alisimama akitazama mguu wangu wa kulia, soli bado ina moto.

"Hebu nionyeshe unauwekaje," akasema.

Nikamwambia avue kwanza vile viatu vyake vya kanisani, maana visingefika hata kona ya kwanza.