Siku Odero Alipopelekwa Kuona Vitabu vya Dhahabu

Zadock Odero aliandika mabango. Kibanda chake kilikuwa Mutuini, ubavuni mwa karakana ya Musembi, seremala aliyekuwa rafiki yake tangu wote wawili wakiwa makapera. Bucha, saluni, makanisa, hata ukuta wa shule ya chekechea, vyote vilikuwa na mkono wake. Alipokuwa mtoto huko magharibi, padri mmoja wa misheni aliwahi kumwonyesha picha ya ukurasa wa kitabu cha kale: herufi ya kwanza kubwa kama nyumba, ndani yake ndege na majani, na dhahabu pembeni. Odero alisema mara nyingi kwamba picha ile ndiyo iliyomtuma Nairobi na brashi mkononi.

Mwaka wa 2005 aligunduliwa ana presha ya macho. Akawa anakwenda kliniki Upper Hill na kurudi na chupa ndogo ya dawa ya matone. Mkewe, Rael, akimuuliza, alimjibu kwamba daktari ameridhika.

Mwaka uliofuata Kui alikuja na habari. Kui alijifunzia kazi kwa Odero kabla ya kuajiriwa katika duka la mjini linalochapisha mabango kwa kompyuta. Watu walidhani fundi atamchukia kwa hilo, kumbe Odero mwenyewe ndiye aliyemhimiza aende. Sasa alikuwa amesikia kwamba katika ukumbi mmoja katikati ya jiji kuna maonyesho ya vitabu vilivyoandikwa kwa mkono: vya ngozi ya mbuzi kutoka Uhabeshi, misahafu ya pwani, na vichache kutoka Ulaya vyenye herufi za dhahabu. Alitaka waende Jumamosi wote wanne, yeye, Odero, Rael na Musembi. Odero akasema atakwenda.

Siku hiyo alivaa suti yake ya kanisani. Rael alifunga chapati na maharagwe kwenye kikapu. Walipofika mjini, Rael aliona mumewe akishika mkono wa Musembi kila walipovuka barabara, akadhani ni jua kali tu.

Ndani ya ukumbi mlikuwa na giza kama la jioni. Mhudumu aliwaeleza kwamba mwanga mkali hula rangi za kale, ndiyo maana taa zimefifishwa. Odero alisimama mlangoni muda mrefu, kisha akaingia polepole, mikono nyuma, akifuata nyayo za wenzake.

Kui alikuwa kama mtoto siku ya Krismasi. Aliwatangulia kasha hadi kasha, akirudi kuwanong'onezea alichokiona. Odero yeye alisimama mbele ya kasha moja la kioo, akainama, akatulia hapo.

"Huyu alikuwa na subira," akasema. "Angalieni dhahabu ilivyolala vizuri kwa hiyo kona."

Musembi aliangalia chini. Kui aligeuka kutazama, kisha akamtazama Rael. Kasha lilikuwa tupu. Ndani mlikuwa na kikaratasi tu kilichosema kitabu kimeondolewa kwa matengenezo.

Rael alimkaribia mumewe. "Baba Achieng," akasema kwa sauti ya chini, "hapa hakuna kitabu."

Odero hakuinuka.

"Tangu lini huoni?" Rael akasema.

"Tangu Pasaka. Nje mchana naona kidogo, kama mtu anachungulia kwa bomba. Humu ndani sioni kitu."

Rael akauliza, basi kazi anafanyaje. Jibu lilitoka kwa Musembi. Alikiri kwamba miezi ile yote yeye ndiye aliyekuwa akipiga mistari ya chaki na kumwelekeza mkono ulipopotea, na kwamba Odero alimwapisha asiseme.

"Na mbona ukakubali kuja?" Rael akamuuliza mumewe.

"Kui alifurahi sana. Na nilidhani pengine nitaona hata herufi moja."

Kui alimkimbilia mhudumu, akamsihi awashe taa, dakika moja tu. Mhudumu alikataa kwa upole. Hakuwa na ruhusa. Ndipo Odero akaomba aambiwe kilichomo kwenye kasha lililofuata. Kui alianza, ndege, mzabibu, kisha akageuza uso. Musembi, ambaye hakuwahi kujali herufi maishani, akachukua nafasi yake.

"Kuna ndege. Shingo ndefu. Rangi ni ile bluu ya sufuria ya enameli."

"Miguu inaonekana ama imefichwa kwa majani?"

Musembi akabandika uso kwenye kioo. "Mmoja unaonekana."

Waliendelea hivyo, huyu akiuliza, yule akitafuta. Rael alibaki peke yake kwenye kasha tupu.

Chapati walizibeba hadi bustanini, zikarudi nyumbani hazijaguswa. Walipokaa kwenye nyasi Rael alisema jambo moja tu, "Mimi nalala kando yako. Ungeniambia."

"Ningekuambia, ingekuwa kweli," Odero akajibu.

Kabla ya mwaka kwisha hakuona tena hata mchana. Kibanda kilipangishwa kwa muuza mboga, na Odero akawa anapiga msasa mbao za Musembi, akizijua kwa vidole. Kui alikuja kila Jumamosi kwa muda, baadaye mara chache, kisha kwa simu. Rael alimfikisha mumewe karakanani kila asubuhi na kugeuka bila kumsalimu Musembi. Ilichukua muda mrefu hadi alipomsalimu, na hata siku hiyo hakuketi.

Upofu wa mumewe angeuzoea, Rael alimwambia Kui wakati mmoja. Kilichomshinda ni ile sauti. Pasaka ile alikuwa amevaa gauni jipya la kijani, na Odero alimtazama akasema rangi imempendeza sana. Alisema hayo kwa sauti ileile aliyolisifia nayo kasha tupu.