Mlango wa Mama Dafroza

Asubuhi ile mimi na mama tulikuwa tunang'oa maharage shambani kwetu Butihinda, Burundi, karibu na mpaka wa Tanzania. Mama alizaliwa Burundi, akakimbia vita akiwa na mimba yangu. Mimi nilizaliwa na kukulia kambini, Tanzania. Tuliporudi, Kirundi changu kilikuwa cha kubabaisha, na watu wa mlima wetu, kama kijiji kinavyoitwa huku, wakaniita Mtanzania. Nikifika kisimani, wanawake walinyamaza.

"Vumilia," mama alikuwa akiniambia. "Watakuzoea."

Milio ya bunduki ikasikika upande wa mpakani. Tukayaacha maharage yalipo.

Watu walikuwa wanakimbilia kwa jirani yetu Mama Dafroza, maana nyumba yake ilikuwa ya matofali na ilikuwa na mlango wa chuma. Tulipofika tulikuta umefungwa. Nikagonga, nikaita kwa Kiswahili, "Tufungulieni, jamani!"

Kisha ikasikika sauti ya mwanamume ndani: "Anasema kama wale wenye wamevuka mpaka. Musifungue."

Mama akajitaja kwa Kirundi, jina lake na la baba yake. Mlango ukafunguka kidogo. Nikamwona Mama Dafroza.

"Ingia we peke yako, mama. Huyu binti, hapana. Watu iko wanaogopa."

"Ni mwanangu. Unamjua."

"Mi namujua. Wao hawamujui."

Mama akautazama ule mlango. Halafu akanishika mkono.

Tukakimbilia migombani.

Risasi ilimpata mama mgongoni. Ilitoka upande gani, mpaka leo sijui.

Alifia palepale, mkono wangu ukiwa bado mkononi mwake.

Mama Dafroza alikuja mazishini, akalia kuliko mimi. "Tuliogopa, mwanangu," akaniambia. Nilimwamini. Haikunisaidia. Wote waliojificha kwake walipona, na baadhi yao walikuwa na watoto wachanga mgongoni. Hilo nalo siwezi kulikana.

Sikuweza kubaki Muyinga, mkoa wetu. Nilikwenda Bugendana, huko Gitega, kwa mjomba, ndugu pekee wa mama aliyesalia. Alinipokea vizuri, akanipa chumba. Nilipomaliza kula, mkewe akaniuliza kwa upole, "Sasa utarudi lini kwenu?"

"Kwetu ni wapi, shangazi?"

"Si Tanzania?"

Nimeishi hapa miaka mingi. Nimeolewa hapa, nimezaa hapa. Juzi binti yangu alirudi kutoka shuleni akaniuliza kwa nini wenzake wanamwita Mtanzania.

Hajawahi hata kuuona mpaka.